Hii ndiyo ile? Kisa cha ziro kwenye ripoti ya mamogramu

Aliingia chumba changu cha altrasaundi Jumanne moja ya Aprili 2025, amebana bahasha kubwa ya kaki kwapani, na kabla hatujamaliza kusalimiana akaniuliza, "Daktari, kwani ziro imekuwa ugonjwa?"

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa altrasaundi katika hospitali moja hapa Nairobi, na nilishachoka kumsahihisha kila anayeniita hivyo. Mama huyu ana miaka 47, anauza nguo za watoto katika soko la mitumba la Gikomba na anaishi mtaa wa Umoja. Amenikubalia nisimulie kisa chake mradi nisimtaje, kwa hiyo nimebadilisha mambo mawili matatu ya maisha yake. Yanayohusu titi lake sikuyagusa.

Oktoba 2024, mwezi ule ule bima mpya ya afya ya taifa, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, alipigwa mamogramu, yaani eksirei ya matiti, kwenye kambi ya uchunguzi. Oktoba ni mwezi wa utepe wa waridi na kambi za namna hiyo huwa tele jijini. Hakuwa na uvimbe wala maumivu. Alikwenda kwa sababu wenzake wa vibanda vya jirani walikwenda, na mmoja aliahidi kumlindia biashara. Mwongozo wa Kenya wa uchunguzi wa saratani wa 2018 unamtaka mwanamke wa miaka 40 hadi 55 apigwe mamogramu kila mwaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza maishani mwake.

Ripoti ikatoka baada ya wiki moja. Mstari wa mwisho ulisema: titi la kulia BI-RADS 1, titi la kushoto BI-RADS 0, altrasaundi inahitajika. Neno la altrasaundi lilikuwa limebanwa kwenye herufi ndogo chini, lakini ziro ilikuwa imekolezwa wino. Akaisoma kama angeisoma mtu yeyote anayefunga hesabu kila jioni. Ziro, hakuna. Akaikunja, akaiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto, akarudi sokoni.

Miezi mitano ikapita.

Sitamlaumu. BI-RADS ni mfumo wa jumuiya ya wataalamu wa radiolojia ya Marekani, wa kuwafanya wasomaji wa picha za matiti waseme lugha moja, na una namba kutoka 0 hadi 6. Namba 1 ni kwamba hakuna kitu, 2 kuna kitu lakini hakina neno. Namba 3 ni kitu ambacho uwezekano wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2, kwa hiyo kinafuatiliwa kwa muda mfupi, kwa kawaida miezi sita. Namba 4 inatiliwa shaka na inahitaji biopsi, yaani kutolewa kinyama cha kupimwa, 5 ina uwezekano wa asilimia 95 au zaidi, na 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Ukiipanda ngazi hiyo kutoka 1, kila hatua ni nzito kuliko iliyotangulia. Sasa mtu akikuonyesha ngazi ya namna hiyo, ziro utaiweka wapi? Chini kabisa, kwenye usalama mtupu. Ukweli ni kwamba ziro haimo kwenye ngazi hata kidogo: ni karatasi ya mtihani ambayo mwalimu bado hajaisahihisha, anasubiri ukurasa uliobaki. Naupenda mfumo huu kwa mengi, ila kwa namba hiyo moja naona waliobuni hawakumfikiria mtu atakayekabidhiwa karatasi mkononi bila maelezo.

Aliyeizindua ile ziro ni binti ya kakake, mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuwa akitafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye kabati lile lile. Hiyo ilikuwa Machi. Akamwambia, "Shangazi, hii haijaisha."

Kliniki ya mtaani na kifuko cha maji

Wakaenda kliniki moja karibu na nyumbani, ambayo sitaitaja, maana sidhani kosa lilikuwa la mtu mmoja. Karatasi ya kuombea kipimo ilikuwa na nafasi ya mstari mmoja tu, na kwenye mstari huo pakaandikwa "altrasaundi, titi la kushoto". Filamu za mamogramu zilibaki nyumbani, hakuna aliyeziulizia. Mpimaji akafanya alichoombwa. Akakuta kifuko kidogo cha maji, milimita 6, upande wa nje wa titi, sentimita 2 kutoka kwenye chuchu. Akaandika: kifuko cha kawaida, BI-RADS 2.

Mama akashusha pumzi. Ziro imekuwa mbili, na mbili haina neno. Hadithi ingeishia hapo, na katika nyumba nyingi huishia hapo. Lakini yule binti akazitandaza ripoti mbili kitandani. Mamogramu ilizungumzia kivuli cha milimita 13 ambacho ukingo wake upande mmoja haukuonekana vizuri. Altrasaundi ilizungumzia kitu cha milimita 6. "Shangazi," akamwambia, "kimepungua vipi na hukunywa dawa?"

Ndivyo alivyofika kwangu, na rufaa, na safari hii na bahasha.

Chumbani

Niseme kwanza kilichoonekana kwenye filamu, kwa sababu hapo ndipo kisa kizima kilipo. Matiti yake yana tishu nzito, kundi la C kati ya A hadi D. Kwenye mamogramu mafuta huonekana meusi na tishu ya tezi huonekana nyeupe. Uvimbe nao ni mweupe. Kutafuta uvimbe kwenye titi la namna hiyo ni sawa na kutafuta punje ya chumvi kwenye unga. Kila titi lilipigwa picha mbili, moja kutoka juu na nyingine ya mshazari kutoka pembeni. Kivuli kilionekana kwenye zote mbili: nusu ya nje kwenye ile ya juu, sehemu ya juu kwenye ile ya mshazari, kama sentimita 7 nyuma ya chuchu. Na kwa kuwa hakukuwa na picha ya miaka ya nyuma ya kulinganisha, msomaji hangeweza kusema kama kitu hicho kimezaliwa naye au kimekuja juzi. Wanaopimwa kwa mara ya kwanza huitwa tena kuliko wengine kwa sababu hiyo hasa.

Nilimlaza chali, mto mdogo chini ya bega la kushoto, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa. Mto huo si wa starehe. Unalifanya titi litandazike kifuani liwe jembamba, sauti isisafiri mbali. Jeli nilikuwa nimeitumbukiza kwenye beseni la maji moto, lakini bado alishtuka.

Sisi tunalisoma titi kama uso wa saa, na chuchu ndiyo katikati. Hapa Kiswahili hutuletea mchezo. Ripoti ya Kiingereza inasema namba 2, nami nikimwambia mgonjwa "saa mbili" atafikiria asubuhi, na mshale wa saa mbili yetu uko kwenye namba 8, yaani upande wa pili kabisa na chini. Kivuli chake kilikuwa kwenye namba 2, saa nane yetu. Niliwahi kumsikia mwanafunzi akimwelekeza mgonjwa ajishike "pale saa mbili", na yule mama akajishika karibu na tumbo. Tangu hapo nachora. Nilichora duara nyuma ya karatasi ya rufaa, nikaweka alama, naye akasema, "Ehe, hapo sasa nimeelewa."

Nilianza kupitisha kifaa kama mshale wa saa unavyozunguka, na haikuchukua dakika mbili nikakipata kile kifuko. Kwenye namba 3, sentimita 2 kutoka kwenye chuchu, milimita 6. Kilikuwa kifuko cha kufundishia: cheusi tii kama tone la wino, ukuta mwembamba, na nyuma yake mng'ao mweupe, kwa maana sauti hupita kwenye maji bila kuchoka ikatokea upande wa pili na nguvu zake zote. Hakuna saratani inayofanana na kitu hicho.

Na hapa nakiri jambo. Moyo wangu ulitulia. Nilikuwa na foleni ya watu sita nje, nimepata kitu, kitu chenyewe ni salama, na kliniki ilikuwa imesema hivyo hivyo. Tena kulikuwa na hoja ya kukitetea: kwenye ile picha ya mshazari, kitu kilicho upande wa nje wa titi huonekana juu zaidi ya kilipo kweli. Kwa hiyo kilicho kwenye namba 3 kinaweza kabisa kujionyesha kama kiko kwenye 2. Nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Daktari wetu wa radiolojia aliingia, akazitazama filamu kwenye kisanduku cha mwanga, akatazama skrini yangu, akauliza swali analotuuliza kila siku hadi tumelikariri: "Hii ndiyo ile?"

Haikuwa ile. Kwenye mamogramu mgonjwa husimama, titi likavutwa mbele na kubanwa. Kwenye altrasaundi hulala na titi likamwagika pembeni. Kitu husogea, na umbali kutoka kwenye chuchu hubadilika, lakini sentimita 7 hazigeuki kuwa 2. Milimita 13 hazigeuki kuwa 6. Na kivuli cha mamogramu kilikuwa na ukingo uliofifia, kifuko hiki kilikuwa na duara safi. Kupata kitu titini ni rahisi, maana mwanamke wa miaka arubaini na kitu ana vifuko kama alivyo na mvi. Altrasaundi hii ilikuwa imeulizwa swali moja, nami nilikuwa najibu lingine.

Nikarudi. Nikampindua kidogo ubavuni, nikabonyeza zaidi, nikashusha masafa ya sauti kidogo ili ifike ndani. Namba 2, sentimita 6 na nusu kutoka kwenye chuchu, karibu na msuli wa kifua, nikakiona: cha kijivu, kigumu, milimita 11, umbo la yai. Kilikuwa kimelala, maana yake upana wake ulizidi kimo, na hiyo ni dalili nzuri, kwa sababu saratani nyingi hupenda kusimama zikivuka tabaka za tishu. Hakikutupa kivuli cheusi nyuma yake. Rangi za mtiririko wa damu zilionyesha mshipa mmoja mwembamba. Lakini ukingo wa upande mmoja ulikuwa umefifia kama wino uliolowa. Tezi za kwapani zilikuwa na umbo lao la kawaida, katikati yake mafuta meupe.

Ili tusibahatishe, nikabandika kwa plasta punje ndogo ya chuma juu ya ngozi mahali hapo, akarudishwa kwenye mashine ya mamogramu kwa picha mbili. Punje ikaangukia juu ya kivuli. Sasa tukawa na haki ya kusema ndiyo hii.

Tatu au nne

Moja kati ya mambo tuliyobishania chumbani ni namba. Mwenzangu aliona 3 ingetosha: umbo la yai, kimelala, hakina kivuli, mrudishe baada ya miezi sita. Daktari akakataa. Kundi la 3 linataka ukingo safi pande zote, na huu haukuwa safi. Akaandika 4A, yaani uwezekano wa saratani unaozidi asilimia 2 hadi 10.

Mwenzangu mwingine akaunga mkono 4A kwa sababu yake mwenyewe: mama huyu alishapotea miezi mitano, akiambiwa miezi sita hatarudi. Hoja hiyo siikubali. Namba huandikwa kwa kinachoonekana kwenye picha. Tukianza kuiandika kwa kumkadiria mgonjwa, mwenye kibanda Gikomba atachomwa sindano na mwenye gari ataambiwa asubiri, kwa picha ile ile. Kama tunaogopa hatarudi, dawa ni kumpigia simu.

Kumweleza ilikuwa kazi nyingine. Nilimwambia: wanawake mia wakiwa na picha kama yako, angalau tisini hawana saratani. Akafikiri. "Robota mia," akasema, "tisini ni kamera, kumi ni za kupangusia sakafu. Na ukinunua unajua lako ni lipi?" Nikamwambia hujui. "Mpaka ukate kamba," akamalizia mwenyewe. Kamera, kwa wasiojua Gikomba, ni nguo za daraja la kwanza zinazochaguliwa mara tu robota linapofunguliwa. Sijapata kusikia biopsi ikielezwa vizuri kuliko hivyo, na sasa naitumia.

Biopsi ilifanywa Alhamisi, kwa kuongozwa na altrasaundi ile ile. Ganzi, tundu dogo la wembe, kisha sindano ya geji 14 inayofyatuka kwa springi. Mlio wake hutisha watu kuliko maumivu, kwa hiyo daktari huifyatua mara moja hewani kwanza mgonjwa ausikie. Mama akasema ni kama stepla ya ofisini. Wakati ganzi imeshika mimi nashikilia kifaa, nikiitazama sindano ikiingia kama mstari mweupe hadi kwenye lile yai la kijivu, na napiga picha ya kila mchomo kama ushahidi. Vinyama vinne. Vilipotiwa kwenye chupa ya fomalini vilizama, jambo tunalolipenda, kwa kuwa mafuta matupu huelea.

Siku kumi akazimaliza kwa tabu. Binti alinipigia simu mara tatu. Jibu likaja: fibroadenoma iliyozeeka, uvimbe usio wa saratani ambao tishu yake imeanza kuwa ngumu na kukakamaa. Hata hapo daktari hakufunga faili mpaka ameuliza tena swali lake kwa namna nyingine: je, jibu la maabara linaelezea nilichokiona? Kama picha ingekuwa ya kundi la 5 na maabara ikasema fibroadenoma, tungerudia biopsi, kwa sababu sindano ingekuwa imechoma pembeni. Hapa vilikubaliana. Fibroadenoma inayokakamaa inaweza kufifia ukingo.

Je, tulimsumbua bure? Nimeulizwa na watu wawili wa kazini, na mume wake pia aliuliza, kwa sauti ya juu kidogo. Mamogramu mbili, altrasaundi mbili, sindano, siku za kibanda kufungwa, na mwishowe hakuna saratani. Kwa wengi wanaoitwa tena mambo huisha hivyo. Chini ya mmoja kati ya kumi ndiye hukutwa na saratani. Gharama hiyo ni ya kweli, na wanaosema kila mwanamke apigwe altrasaundi juu ya mamogramu wangeikumbuka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008, wa ACRIN 6666, uliwapima kwa njia zote mbili wanawake zaidi ya 2,600 wenye tishu nzito na hatari iliyozidi ya kawaida. Altrasaundi iliongeza saratani 4.2 kwa kila wanawake elfu moja, hilo si dogo. Lakini katika biopsi zilizotokana na altrasaundi peke yake, takriban 9 tu katika 100 zilikuwa saratani. Waliobaki walikatwa kamba wakakuta nguo nzima.

Kumtumia altrasaundi mtu ambaye mamogramu imeshamwekea alama mahali fulani ni jambo jingine kabisa. Hapo unakwenda kwenye nyumba yenye namba, hubishi hodi mtaa mzima. Kwa mama huyu ilikuwa sahihi, na ingekuwa sahihi mara moja badala ya mara mbili kama filamu zingepanda naye matatu siku ya kwanza. Kenya ilikadiriwa kuwa na visa vipya vya saratani ya matiti takriban 6,800 mwaka 2020. Ukiwa na kazi ya kiasi hicho, kipimo kinachorudiwa ni nafasi ya mtu mwingine.

Tena si kila ziro hujibiwa na altrasaundi. Kama kilichomtia shaka msomaji ni vichembe vya kalsiamu, vile vidoto vyeupe kama chumvi, altrasaundi mara nyingi haivioni kabisa. Hapo zinahitajika picha za mamogramu za kukuza. Nimewahi kupokea wagonjwa wa vichembe wakiwa na rufaa ya altrasaundi tu, nikaandika sioni kitu, na "sioni kitu" hiyo ikasomwa kama nilivyoogopa. Siku hizi nikipata rufaa ya namna hiyo nampigia aliyeiandika kabla sijafungua chupa ya jeli.

Kwa karatasi yetu ya kuombea kipimo, tuliongeza mistari miwili: mamogramu imeona nini, na iko wapi. Nusu ya wanaotuletea huiacha wazi. Tunaendelea kuzirudisha.

Mama alirudi Oktoba 2025 kwa picha ya miezi sita, siku mbili kabla ya tarehe. Bahasha ilikuwa ile ile ya kaki, imechakaa pembeni na kushonwa kwa uzi wa cherehani. Nilimwambia apande kitandani. Hakupanda. Alizitoa filamu, akaichagua ile ya mshazari, akaniwekea kidole juu ya kile kivuli.

"Hiyo jeli ingoje, daktari. Tazama hii kwanza."

Nikazima taa, nikawasha kisanduku cha mwanga. Kisha akalala, mkono nyuma ya kichwa bila kuambiwa. Namba 2, sentimita 6 na nusu, milimita 11, vilevile.